Fungate Yetu ya Pemba, na Mawifi Ndani

Kazi yangu ni vyumba. Niko kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, na taulo nimezikunja zikawa bata wawili waliogusana midomo mpaka sasa naweza kuifanya kazi hiyo huku nazungumza na simu. Natandika shuka, namwaga maua, naandika "Karibuni" kwa majani kitandani, natoka. Wageni wa fungate ndio riziki yetu. Wataliana, Wapolandi, Wafaransa, wote nawajua kuliko wanavyodhani. Siku ya kwanza mlango haufunguliwi. Siku ya pili wanauliza habari za pomboo wa Kizimkazi na kobe wa Changuu. Baada ya hapo nikiingia kubadilisha mashuka namkuta mmoja yuko kibarazani na simu yake, mwengine yuko chini ya mwavuli ufukweni na simu yake, nami nampa kila mmoja salamu yake mbali.

Basi nilipoposwa, mashoga zangu kazini wakaona sasa ni zamu yetu ya kutandikiwa. "Mwenzetu, wapi? Dubai? Uturuki?" Mmoja alishafika mpaka kwenye bei za tiketi. Nikasema Pemba. Wakanyamaza kidogo, kisha wakacheka mpaka msimamizi akatoka ofisini. "Pemba kwa nani?" Kwa wakwe zangu. "Fungate kwa mkwe! Haya, ukipewa kitu cha kunywa usinywe, utarudi paka." Ndiyo sifa ya Pemba midomoni mwa watu wa mjini: uchawi, karafuu na ubishi. Karafuu ni kweli. Ubishi pia ni kweli, nimeolewa nao.

Mume wangu ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Tulijuana siku friza kubwa ya jikoni ilipozimika na ngisi, kamba na jodari wa wiki nzima wamo ndani. Akaja na mkoba wake wa spana, akalala chini kwenye sakafu iliyoroa, na kabla hajaniuliza jina alishaniambia kuwa kwao ni Mtambwe, kwamba jodari wetu wale ni wadogo mbele ya wa mkondo wa Pemba, na kwamba Mtambwe Mkuu, mji wa kale wa huko kwao, walikuwa na sarafu zao wenyewe karibu miaka elfu moja iliyopita. Nilidhani ni maneno ya fundi anayetaka chai. Baadaye nikaenda kusoma mwenyewe. Kweli: mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua pale sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, vidogo vidogo, zina majina ya watawala wa pwani hii hii. Sijawahi kumwambia kwamba nilikwenda kuhakikisha. Akisoma hapa, basi ajue.

Harusi yenyewe siielezi sana. Ilikuwa Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Akaozeshwa msikitini baada ya Alasiri, joho, kilemba, jambia la kuazima. Mimi ndani nimesingwa wiki nzima, piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, mpaka viwikoni, asumini na vikuba vinanukia mpaka kichwa kinauma. Wapemba walikuja wengi, na mama mkwe akaja na visheti vya kuwatosha mtaa mzima wa Kikwajuni. Mtu mmoja tu hakuja, bibi yake mume wangu, naye ndiye aliyemlea.

Bibi huyo hajapanda boti tangu Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Kule ni jambo lisiloulizwa. Ukiingia mtaa wowote kuna nyumba iliyokuwa na mtu wake mle ndani. Alichotuma ni neno moja kwa simu ya wifi yangu: "Bibi harusi aje nimuone. Mimi bahari nishaipa changu." Baada ya hapo habari ya Dubai nani angeithubutu? Na tusidanganyane, pesa za Dubai zenyewe hatukuwa nazo.

Bibi yangu mimi, wa hapa mjini, yeye hakuona ajabu. Fungate yake ilikuwa siku saba ndani ya chumba kimoja, mlango na pazia, somo wake, yule mwanamke aliyemfunda, akiingiza chakula na kutoa vyombo, na hakuna aliyekwenda popote. "Nyinyi mnasafiri kwenda kupiga picha," anasema. "Angalau wewe unakwenda kusalimia watu."

Boti ya asubuhi inatoka bandarini Malindi. Mpaka Tumbatu kila mtu ni baharia, chai inanyweka, watoto wanakimbizana baina ya viti. Ukishaiacha Nungwi nyuma maneno yanapungua. Pale katikati ya visiwa viwili bahari ina kina chake na mkondo wake, na kusi lilikuwa halijachoka. Palipokaribia pale panapojulikana, dua zikasikika chini chini kutoka viti vya nyuma. Halafu mawimbi yakaanza, wahudumu wakapita na mifuko bila kuitwa. Wamama waliokaa mbele yetu walitoa ndimu mikobani, wakazikata kwa meno, wakanusa, wakanyamaza. Mmoja akanipa nusu yake bila hata kugeuka. Mume wangu, mtoto wa kisiwa, bingwa wa jodari, kichwa kilikuwa baina ya magoti. Sikusema kitu. Nilimshikia mfuko. Sheikhe aliyetuozesha ana cheti chake na tarehe yake, lakini mimi nahesabu ndoa yetu kuanzia mfuko ule.

Mkoani bandari iko chini na mji uko juu, na hapo ndipo niligundua kwamba sisi wa Unguja ni watu wa tambarare. Pemba barabara haikai sawa hata kidogo. Inapanda, inashuka bondeni kwenye mpunga, inapanda tena kwenye migomba na mikarafuu. Shemeji alitufuata na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kuazima, mimi na mama mkwe mbele, mume wangu nyuma na masanduku, rangi ikimrudia taratibu. Gari za abiria zilikuwa zinatupita na namba zao: 603 ya Mkoani, 606 ya Wete, 602 ya Konde, zote zikikutana Chake Chake. Na kabla hatujafika Chake harufu ikaingia garini.

Sisi hotelini tuna karafuu kwenye vibakuli vidogo, za kuwapa wageni wanuse. Nilikuwa najiona nazijua. Wakati wa mavuno Pemba hunusi karafuu. Unaishi ndani yake. Majamvi yametandazwa kando ya barabara, mbele ya maduka, kwenye kila kipande cha sakafu kinachopata jua. Karafuu za leo za kijani chenye wekundu, za juzi za kahawia, na mzee mmoja anazipitia kwa miguu mitupu akizigeuza kwa nyayo huku anaongea na simu. Shemeji akapunguza mwendo kila palipo na jamvi. Hakuna gari inayopita juu ya karafuu za mtu, hata kama jamvi limeingia nusu ya njia.

Mume wangu kutoka kule nyuma akaanza darsa lake, kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Kwamba mikarafuu ilianzia Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said ndiye aliyewakazania watu waipande. Kwamba 1872 kikaja kimbunga kikaing'oa ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Unguja inakula jina na Pemba inakula jasho. Anaisimulia habari ya 1872 kana kwamba alikuwepo ameshika shina. Mama mkwe akaniambia polepole: "Mwanangu, mwache. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

Mtambwe iko ng'ambo ya Wete. Kwa gari unazunguka. Kwa dau unavuka, na jua likiwa linashuka tukavuka, mimi nimekaa juu ya sanduku la harusi na baibui langu, watoto wa upande wa pili washaniona wanapiga kelele "bibi harusi, bibi harusi". Bibi alikuwa barazani. Hakuinuka, miguu haimbebi vizuri. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama muda mrefu kuliko nilivyozoea kutazamwa, akasema, "Mwembamba." Ndiyo hukumu yake. Kuanzia hapo kazi ya ukoo mzima ikawa kuirekebisha.

Sijui nianzie nyumba gani. Kwa mjomba wali wa nazi na changu wa kupaka. Kwa shangazi mseto na papa mkavu, na shelisheli la kukaanga pembeni kama nitasikia njaa. Kwa ami mkubwa boko boko, kwa ami mdogo pilau, maana hawa wawili hawapikiani kitu kimoja. Halua ya Wete na kahawa kila tunapokaa, na kila nyumba inanitoa na doti ya kanga. Kukataa hakupo. Wifi yangu mkubwa, aliyekwisha kuolewa na kupitia haya, akanifundisha njia: kula polepole mno, sifu mchuzi, uliza umepikwaje; mpishi akianza kueleza hana nafasi ya kukuongeza. Nimekwisha kuitumia na hotelini kwa wageni wanaolalamika.

Na kitu cha kunywa nilipewa, tena na bibi mwenyewe. Alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani akatuandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, tukanywa mimi na mume wangu, kila mtu nusu yake. Mashoga zangu, ninaandika haya kwa vidole vyangu kumi, sina mkia.

Faragha ndiyo mliyotaka kuniuliza. Nyumba ya bibi ni ya zamani, kuta za vyumba haziendi mpaka paani, kwa hiyo kikohozi cha chumba cha kwanza kinajibiwa chumba cha nne. Nasi tulipewa chumba cha katikati kwa heshima. Usiku wa kwanza nilicheka kitu kidogo tu, bibi kutoka kwake akaitikia, "Alhamdulillahi." Tukalala.

Lakini kuna jambo wageni wangu wa hoteli hawalipati kwa pesa yoyote. Wao wanakuja na mtu mmoja, wanakaa naye peke yake, wanaondoka na yule yule. Mimi mjini nilimjua fundi mpole, mwenye maneno mengi, anayekunywa chai bila sukari. Mtambwe nilimwona mtu anayesema haraka mpaka nusu ya maneno yananipita, anayekwea mkarafuu kwa miguu mitupu, anayemwogopa mama yake waziwazi. Nilimwona akigombana na kaka yake juu ya mpaka wa shamba, sauti zimefika bandarini, na baada ya swala ya Magharibi wanakula sinia moja na kaka mtu anamchambulia miiba ya samaki. Nilimwona akimwosha bibi yake miguu. Hayo nimeyajua mwanzo wa ndoa. Wengine wanayajua watoto wakiwa wameshafika skuli.

Usiku uliokaa kichwani mwangu ni wa kuchambua. Karafuu haichumwi punje moja moja. Mchumaji anakwea, anavuta tawi, anachuma kishada kizima na vikonyo vyake, na jioni vishada vyote vinamwagwa juu ya jamvi ndani ya nyumba. Hapo kazi ya kila mwenye mikono inaanza. Taa iko katikati, watu duara, mama mkwe, mawifi, majirani wawili, watoto ambao walitakiwa wawe wamelala. Mama mkwe akanizuia: "Mwanangu, kaa juu kitandani, piko lako litaharibika. Bibi harusi hafanyi kazi." Nami siku zote mtu akikaa naona aibu kusimama, na wakifanya kazi naona aibu kukaa. Nikajifunga kanga, nikaingia duarani.

Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili, unakizungusha. Karafuu zinaporomoka, kikonyo kinabaki. Karafuu huku, makonyo kule. Kusema ni rahisi. Wifi yangu mdogo, wa darasa la sita, alikuwa anamaliza vishada vitatu mimi niko kwenye kimoja, tena ananitazama usoni huku anafanya. Baada ya muda vidole vinawasha, kisha vinakufa ganzi, kisha huvisikii kabisa. Viganja vinaingia weusi ambao sabuni haiutoi. Piko langu la shilingi nyingi likamezwa na la bure.

Bibi macho yake hayaoni mbali tena, lakini kishada kikifika mikononi mwake hakikai. Akanitania kwamba zamani watu wa Unguja walikuwa wanakuja Pemba msimu wa karafuu kuchuma kwa vibarua, wanalipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, na sasa naona wameanza kuja tena, na mmoja ameozwa kabisa ili asilipwe. Nyumba nzima ikacheka. Mimi nikamuuliza pishi yangu ya usiku ule inafika ngapi, akapima kwa macho yake mabovu, akasema, "Hiyo ya chai."

Nikajifunza pia kwamba hakuna kinachotupwa. Makonyo nayo yanaanikwa, yanauzwa, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Karafuu kavu zinakwenda kuuzwa ZSTC, shirika la serikali, na mle ndani ya gunia ndimo zilimo ada za chuo, bati la jikoni, na kwa hesabu nilizozisikia kwa bahati, sehemu ya mahari yangu. Kwa hiyo ukiniuliza mimi nimeolewa kwa nini, naweza kukujibu kwa kilo.

Kesho yake zikaanikwa. Na mvua ya Pemba haipigi hodi. Tulikuwa tumekaa na wazee waliokuja kunipa mkono, watu wa heshima, kanzu nyeupe, mmoja yuko katikati ya dua. Tone moja likagonga bati. Dua ikaishia palepale, amin ikasemwa mbioni, na wazee wote wakakunja kanzu na kukimbilia majamvi. Mimi na viatu vya harusi nilishika pembe moja, na pembe ya pili ilishikwa na mzee ambaye hata jina lake sikuwa nimeambiwa. Tulipomaliza, tukiwa tumeroa wote, akanipa mkono rasmi, akaendelea na dua alipoishia.

Kutembea tulitembea, msidhani nilikula tu. Ngezi tulikwenda, msitu mkubwa wa kule kaskazini, miti mirefu ya asili ambayo kisiwa kizima inasemekana kilikuwa nayo kabla ya mikarafuu. Vumawimbi tulikuta mchanga mweupe mrefu na mtu mmoja tu, na ng'ombe wake. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha, wa chuma, wa mwaka 1900, tulipanda mpaka juu, na ngazi zake ni za kupanda huku unamtaja Mungu. Kidike tukawatazama popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana popote duniani isipokuwa hapo, wamejining'iniza mchana kutwa wakigombania nafasi. Zamani walikuwa wanawindwa na kuliwa mpaka ikahofiwa watakwisha. Siku hizi wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda. Mume wangu alikuwa anavitambulisha vyote hivi kwangu kwa sauti ya mwenye nyumba. Mchezo wa ng'ombe haukuwa msimu wake, lakini nilionyeshwa uwanja, na nikaonyeshwa na kovu la gotini la mtu aliyedai alikuwa mchezaji. Mama yake anasema alianguka kwenye mwembe.

Misali ndipo nilipotaka kubaki. Unakwenda kwa boti kutoka Wesha, kisiwa hakina wakaazi wa kudumu, ni hifadhi tangu 1998. Wavuvi wana kambi yao na sehemu zao za kuvua, na kuna sehemu haivuliwi kabisa. Kasa wanapanda kutaga. Wavuvi wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alisali pale, na mume wangu akatafuta kivuli akasali Adhuhuri yake, nami nikakaa na miguu majini nikawatazama samaki wakija kunichunguza vidole vyeusi. Hapo hapo palikuwa na wageni wawili, mume na mke, wa umri kama wetu. Yule bibi akainuka kuingia baharini, taulo lake likabaki mchangani. Wallahi mkono wangu ulishanyooka kuliokota nilikunje. Mume wangu akaona. "Likizo," akasema. Akasahau yeye kwamba asubuhi ile alikuwa ameshafungua friji ya jirani.

Tuliporudi Unguja, meneja wetu akatupa zawadi: usiku mmoja katika hoteli nyingine, kaskazini, chumba kinachotazama bahari. Tukavaa vizuri, tukafika na teksi. Getini mlinzi akatuuliza, "Mnamtafuta nani?" Mume wangu akamjibu, "Tunajitafuta wenyewe." Mlinzi hakucheka. Tukasubiri juani apige simu, wakati gari la wageni kutoka uwanja wa ndege limepita bila kusimamishwa. Mapokezi tukaulizwa cheti cha ndoa. Ninacho, somo wangu aliniapisha nisiache kukibeba, nikakitoa. Wale wageni walioingia kabla yetu sikuona wakiulizwa cheti cha chochote. Sitaji hoteli, na mlinzi simlaumu. Najua anavyopewa maelekezo, kwa sababu na sisi kwetu walinzi wanapewa hayo hayo. Lakini ni ajabu kuulizwa "mnamtafuta nani" na kijana anayezungumza lugha yako, katika kisiwa alichozaliwa bibi yako, usiku ambao umelipiwa.

Chumbani kulikuwa na bata wawili. Mume wangu akavua viatu, akaenda kukisikiliza kiyoyozi, akasema gesi imepungua. Mimi nikawainamia bata. Shingo ya mmoja ilikuwa imelegea, kakunja mtu mwenye haraka, tena taulo la kuogea badala ya la mkono. Nikamkunjua, nikamkunja upya. Mume wangu akawasha televisheni. Tukatazamana, tukacheka mpaka tukasahau kwamba pale kuta zinafika juu na tungeweza kupiga kelele tunavyotaka.

Sasa tuko Fuoni, vyumba viwili na kibaraza, maji ya kuchota asubuhi kabla presha haijaisha. Mimi natoka alfajiri kufuata gari la wafanyakazi, yeye anatoka na pikipiki na spana zake. Tunabishana mambo ya maana: kwamba nazi za Unguja hazina tui, kwamba chumvi naijaza, kwamba Fuoni hakuna kilima hata kimoja cha kukaa mtu akatazama mbali. Usiku mama mkwe anapiga simu, hazungumzi na mwanawe zaidi ya salamu. Anataka kujua kama nimeongezeka. Bibi anapewa simu, anauliza kitu kile kile, kwa maneno machache zaidi.

Na mizigo haikatiki. Kila ikija boti kuna pakacha letu. Ndizi, mihogo, dagaa wa kukausha, chupa ya samli, mara moja kuku mzima aliye hai aliyefika na hasira. Mzigo haupitishwi ofisini. Anapewa mtu anayesafiri, na mimi nakwenda Malindi kumtafuta mtu huyo kwa maelezo ya wifi. Na maelezo ya wifi ya safari hii ni haya: boti ya Jumamosi, mashelisheli manne na kifuko cha karafuu alizochambua bibi mwenyewe, pakacha limefungwa kwa kitambaa cha kanga ya buluu, limebebwa na kijana mrefu kidogo, mtoto wa jirani yao wa zamani, hana simu. Nimeuliza jina lake. Wifi kasema, "Utamjua tu." Aliyeko Malindi asubuhi hiyo na akamwona, amwambie anisubiri penye kivuli, nitachelewa kutoka zamu.